Mashine Tatu za Daudi

Asubuhi za Haydom huanza kwa ngurumo za mabasi. Kabla jua halijapanda vizuri, watu hushuka wakiwa na mabunda ya nguo, chupa za chai na wagonjwa wao waliofunikwa mablanketi. Mgonjwa huingia hospitali, na ndugu aliyemleta hutafuta pa kulala. Ndiyo maana gesti zimechipuka kando ya barabara kama uyoga baada ya mvua, na kila gesti ina mashuka, na kila shuka lina siku yake ya kufuliwa.

Mashuka mengi kati ya hayo yalipita katika mikono ya wanawake sita. Kiongozi wao alikuwa Natalia Akonaay, mama wa makamo, mrefu, mwenye mabega mapana na sauti isiyohitaji kupandishwa ili isikike. Tangu utotoni alikuwa mdadisi. Aliwahi kuchapwa na baba yake kwa kuifungua redio ya nyumbani, akitaka kuona mtu anayesoma taarifa ya habari amekaa upande gani. Hata utu uzima haukumpunguzia hamu hiyo. Fundi akisimamisha pikipiki barabarani na kuifungua injini, Natalia aliweka beseni chini akasogea kutazama. Lakini pamoja na udadisi huo alikuwa na kasoro moja: shingo yake ilikuwa ngumu. Akishatamka neno hakulirudisha, hata pale neno lenyewe lilipodhihirika kuwa la uongo.

Mwaka huo mambo yalianza kwenda mrama. Mashuka yalizidi, na mikono ilibaki ileile kumi na miwili. Ngozi ya vidole vya Natalia ilipasuka kwa sabuni, na Paskalina, mwenzake wa siku nyingi, alikuwa hawezi tena kuinua mkono wa kulia kupita bega. Gesti mbili zilikwisha kuwaambia bila kuficha kwamba zitapeleka mashuka mahali penye mashine, kwa kuwa wageni hawawezi kusubiri. Zikiondoka hizo mbili, nyingine zingefuata kama mbuzi wanavyofuatana mlangoni mwa zizi.

Katika dhiki hiyo ndipo Sista Marieta alipopiga simu kutoka kijiji cha Daudi. Alikuwa akisimamia ukarabati wa nyumba ya zamani ya masista, na ndani ya stoo walikuta mashine tatu za kufulia zilizoachwa na wageni wa kale.

"Chagueni moja, tutawapa bure," alisema. "Moja tu, maana nyingine tumekwisha kuziahidi kwa watu wa vyuma chakavu. Lori lao linakuja Alhamisi."

Jumamosi Natalia alisafiri hadi Daudi akiwa na Paskalina na Patriki. Patriki ndiye aliyekuwa akiwapelekea maji kwa mkokoteni wa punda, na kwa kuwa alijua kuandika vizuri, walimfanya katibu wao. Sista Marieta aliwafungulia stoo. Ndani palinuka vumbi na mavi ya popo. Mashine ya kwanza ilikuwa nyeupe pe, ya kufunguliwa juu, yenye mstari wa vitufe vilivyong'aa kama meno ya mtoto. Ya pili ilikuwa na dirisha la mviringo mbele. Ya tatu ilikuwa kama pipa lililosimama juu ya miguu minne, rangi yake ya kijani imebanduka, na juu yake pamefungwa rola mbili za mpira za kukamulia nguo.

"Hii hapa," Patriki alisema huku akiipangusa ile nyeupe kwa kiganja. "Tazameni ilivyo mpya. Tukiiweka pale Haydom, gesti zote zitatukimbilia zenyewe."

"Inazungushwa na nini?" Natalia aliuliza.

"Na umeme, mama. Kwani ulitaka izungushwe na maombi?"

Paskalina alicheka. Natalia alishikilia swali lake. "Umeme unafika kwenye mota, hilo najua. Nauliza, kutoka kwenye mota nguvu inalifikiaje pipa?"

Patriki alimtazama Sista Marieta. Sista alikiri kwamba hajui, na kwamba karatasi za maelezo zilitafunwa na panya zamani. Natalia alizunguka kila mashine mara mbili, akagonga ubavu wa hii, akafunua mfuniko wa ile. Mwishowe alimwomba Sista ampe hadi Alhamisi asubuhi.

Njiani kurudi, Paskalina alimgeukia Natalia. "Anayejua mambo haya tunamfahamu. Ila sijui kama utataka kwenda kwake."

"Nani huyo?"

"Sara. Yuko Nangwa siku hizi, ana mashine ya kusaga. Wanasema kabla ya hapo alikaa Arusha miaka miwili akifua kwenye hoteli kubwa, na fundi wa pale akamfundisha kutengeneza mashine."

Natalia aligeuza uso akatazama mashamba ya ngano yakipita dirishani.

Sara alikuwa mmoja wao zamani, binti mdogo kuliko wote na mwepesi kuliko wote. Miaka minne iliyopita mashuka manane ya gesti moja yalipotea siku ambayo yeye ndiye aliyeyaanua. Natalia hakufanya uchunguzi. Alimwita mwizi bombani, kando ya mahali walipofulia, mbele ya wenzake na mbele ya watu waliopanga foleni ya maji. Sara alifungua kitenge alichojifunga kiunoni, akakikunja, akaondoka bila kujibu. Wiki iliyofuata mashuka yalipatikana kwenye kabati la gesti ileile, mahali mhudumu alipoyaweka akasahau. Natalia aliambiwa. Alisema tu, "Basi, vizuri," akaendelea kusugua. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kulitaja jina la Sara mbele yake.

Usiku wa Jumapili aliutafakari ujinga wake wa aina zote mbili, ule wa mashine na ule wa zamani, akaona kwamba dawa yake ipo mahali pamoja. Jumatatu alipanda basi la Katesh. Lilipita Basotu, ziwa likiwa limetulia kama sahani, na kila lilipopanda kilima, mlima Hanang ulionekana mbele ukiwa umejitanda wingu kichwani. Katesh alichukua bodaboda hadi Nangwa.

Alimkuta Sara amelala chali chini ya mashine ya kusaga, miguu tu ikionekana. Alipojivuta nje na kumtambua mgeni, uso wake ulibadilika kidogo, kisha ukarudi mahali pake. Alisimama akapangusa mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

"Njema. Karibu ukae."

Alimletea kigoda, akamletea na chai ya maziwa, kwa maana mgeni ni mgeni hata kama alikuumiza. Natalia alianza kueleza habari za Daudi. Alieleza nyeupe, alieleza ile ya dirisha, alieleza ya kijani, na jinsi lori linavyokuja Alhamisi. Sara alisikiliza bila kumkatiza.

"Mama," alisema mwishowe, "umetoka Haydom mpaka hapa kuniuliza habari za mashine?"

"Ndiyo."

"Za mashine tu?"

Natalia alikiweka kikombe chini. Maneno aliyoyapanga njiani yalimtoroka yote. "Yale mashuka yalipatikana," alisema.

"Najua. Nilisikia wiki ileile."

"Nilikuita mwizi na hukuwa mwizi. Nilipojua kwamba nimekosea niliona aibu, nikaifanya aibu yangu iwe kimya. Nimekuja kuomba unisamehe."

Sara alitazama nje, ambako kuku watatu walikuwa wakidonoa pumba. "Ulinitukana mbele ya watu, mama. Leo unaniomba msamaha mbele ya kuku."

Natalia alihisi joto likimpanda shingoni, lile joto lililozoea kumfanya anyanyuke na kuondoka. Safari hii alikaa.

"Umesema haki," alijibu.

"Sikukatalii. Nakwambia tu kwamba ombi hili bado halijanitosha." Kisha Sara akachukua tochi juu ya kopo la grisi. "Njoo uone. Lakini uso wa mashine hautakwambia kitu. Lazima uitazame kwa chini."

Alimwambia apige magoti. Natalia alipiga. Alimwambia asogee zaidi, alaze shavu karibu na sakafu. Natalia, mama aliyezoea kusalimiwa na nusu ya mji, alilaza shavu kwenye vumbi la unga, na hapo Sara akawasha tochi.

"Unaona mota imekaa kando, peke yake? Ina gurudumu lenye mfereji. Upande ule kuna gurudumu jingine kubwa zaidi. Katikati yao unapita mkanda. Mashine ya kufulia ya mkanda ni hivyo hivyo, iwe ya Ulaya au ya wapi. Mota haigusani na pipa. Mzigo ukizidi, mkanda unateleza au unakatika, na wewe unafunga mwingine."

"Na isiyo na mkanda?"

"Hiyo utakuta mota imebandikwa kwenye kiuno cha mashine, imenyooka na mhimili wake. Inasukuma moja kwa moja. Si mbaya hata kidogo, usije ukasikia mtu anaitukana. Arusha tulikuwa nayo, ilifua hoteli nzima na haikusumbua. Ila kati ya mota na giaboksi, yaani kisanduku cha meno kinachozungusha pipa, kuna kiungo kidogo cha plastiki na mpira. Wamekiweka makusudi kivunjike chenyewe ili mota ipone. Mahali vinapouzwa ni kazi ya nusu saa. Hapa kwetu utaagiza, utasubiri, na kitakapokuja huenda kikawa si chenyewe, maana mashine hizo ni za zamani."

Natalia aliuliza maswali mpaka chai ikapoa. Alitaka kujua kwa nini gurudumu moja ni dogo na jingine kubwa. Alitaka kujua mtu anatambuaje beringi iliyokufa, na Sara akamwonesha jinsi ya kuzungusha kwa mkono na kusikiliza: ikikwaruza kama mchanga kwenye sufuria, imekwisha. Alijaribu kuilegeza na kuikaza mota mwenyewe, na mkanda ulipolegea na kukazika mikononi mwake alifurahi kama siku ile aliyoifungua redio. Sara alimtazama, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo.

"Utakuja Daudi utuchagulie?" Natalia aliuliza akiwa tayari kuondoka.

"Hapana, mama. Chukua tochi. Utajichagulia."

Alhamisi asubuhi wanawake wote sita walifika Daudi pamoja na Patriki, ndani ya Fuso waliloazima kwa mfanyabiashara wa vitunguu. Lori la vyuma chakavu lilikuwa limekwisha kufika, na vijana wake walikaa juu ya bodi wakisubiri. Patriki alikuwa amekuja na kamba za kuifungia ile nyeupe.

Natalia alitandika gunia sakafuni, akajifunga kitenge vizuri, akalala kifudifudi.

"Mama, utachafuka," Patriki alisema.

"Nitafua," alijibu kutoka chini.

Aliimulika ile mashine nyeupe kwa tochi. Hapakuwa na mkanda wala nafasi ya mkanda. Mota ilikuwa imebanwa kwenye giaboksi, zimenyooka mstari mmoja, kama Sara alivyosema. Aliingiza kidole katikati yao na kikatoka na vipande vya plastiki vilivyosagika kama chenga za mahindi, pamoja na masizi ya mpira. Akavimimina kwenye kiganja cha Patriki.

"Kiungo chake kimekufa. Naona ndiyo sababu waliiweka stoo ingali inang'aa."

Ile ya dirisha ilikuwa na mkanda, bapa na mpana kama utepe. Lakini Paskalina alipoambiwa azungushe pipa lake kwa mkono, ilitoka sauti ya mchanga kwenye sufuria, na nyuma yake michirizi ya kutu ilishuka mpaka sakafuni. Natalia alijiburuta hadi ya tatu.

Alikaa chini ya ile ya kijani muda mrefu, mpaka mmoja wa vijana wa lori akaja kuchungulia.

"Vipi?" Patriki aliuliza. "Hiyo nayo ina nini?"

"Haina mkanda."

"Sasa si ni kama ile nyeupe?"

"La. Njoo hapa." Patriki alisita, kisha akachuchumaa, na kuchuchumaa hakukutosha, akalala. "Tazama mota ilipokaa. Kando, peke yake. Tazama gurudumu lake, lina mfereji. Na lile kule kubwa, lina mfereji uleule, na yametazamana sawasawa. Mkanda ulikuwepo, panya wameula. Hii ni mashine ya mkanda isiyo na mkanda."

Alilishika lile gurudumu kubwa akalizungusha kwa mkono. Lilikuwa zito mwanzoni, likalainika. Juu, Paskalina na wenzake walikuwa wameinamia mdomo wa pipa.

"Inakwenda," Paskalina alisema polepole. "Natalia, mti wa katikati unakwenda huku, unarudi. Unakwenda, unarudi. Kama mkono wa mtu anayesugua."

Walipokezana kutazama, na mmoja akaomba azungushe yeye ili Natalia naye aone. Natalia alisimama, amejaa vumbi kuanzia kidevuni hadi magotini, akachungulia ndani. Alilitazama lile jambo kwa muda bila kupepesa.

Patriki alikuwa bado ameshika zile chenga. "Lakini mama, tunaacha nyeupe tunachukua kuukuu isiyo na mkanda?"

"Mkanda unauzwa Haydom, unauzwa Dongobesh, unauzwa kila palipo na mashine ya kusaga. Hicho ulichokishika mkononi kinauzwa wapi?"

Patriki aliziacha zile chenga zikaanguka sakafuni. Mmoja wa wanawake akauliza, kwa mshangao wa kweli, "Haya yote umeyajua lini?"

Hapo Natalia angeweza kujibu kwamba aliuliza huku na kule, na jambo lingeishia hapo. Alifuta mikono kwenye kitenge. Watu wa lori walikuwa mlangoni, Sista Marieta alikuwa pembeni, na wenzake wote watano walikuwa mbele yake.

"Nilifundishwa na Sara," alisema. "Nilikwenda Nangwa. Nanyi mnakumbuka nilivyomwita pale bombani. Mashuka yalipatikana wiki iliyofuata, nami nilijua, na sikusimama mbele yenu kusema kwamba nimekosea. Sara hakuiba. Aliyefanya vibaya ni mimi. Nataka mlisikie kutoka kinywani mwangu, na mkimwambia nimesema hivyo, mtakuwa hamkuongeza neno."

Paskalina alimshika mkono. Kisha wakaifunga ile ya kijani kwa kamba za Patriki, na lori likazichukua zile mbili.

Habari hazihitaji nauli. Jumamosi asubuhi, basi la Katesh liliposimama Haydom, Sara alishuka akiwa na mkanda mpya wa mashine begani na mfuko wa spana mkononi. Alipita pale bombani, akawasalimu wakubwa mmoja mmoja, shikamoo kwa shikamoo, na alipomfikia Natalia hakusema lolote kuhusu Daudi. Aliuliza tu, "Iko wapi?"

Walifanya kazi pamoja mpaka mchana. Sara alibadilisha nyaya zilizochakaa na kuitia grisi giaboksi, Natalia akashika tochi na kuuliza. Walipoiwasha, mashine ilitikisika, ikanguruma, kisha ikapata mwendo wake. Mashuka ya kwanza yalipita kwenye rola za kukamulia yakatoka bapa kama karatasi, na Paskalina aliyapokea kwa mkono wa kushoto.

Mvua za masika zilipoangusha nguzo za umeme na mji ukakaa giza siku nne, wenye mashine za umeme tupu walikaa wakitazamana. Sara alileta injini ndogo ya petroli kutoka Nangwa, akaifunga mahali pa mota, akavusha mkanda. Mashine ya kijani haikujua tofauti. Gesti zile mbili zilizotishia kuondoka zilileta mashuka yao zenyewe, na nyingine tatu zikafuata. Kufikia mwisho wa mwezi huo Sara alikuwa amekubali kuja kila Jumamosi, na jina lake likaandikwa na Patriki kwenye daftari la kikundi, la saba.

Watu walianza kumjia Natalia kutoka Dongobesh, na hata kutoka Mbulu mjini, wakiwa na picha za mashine kuukuu kwenye simu zao, wakimwomba awaambie ipi ni nzuri. Natalia hutazama picha kwa adabu, akarudisha simu, akampa mtu tochi na kumwambia aende akalale chini kwanza, kisha arudi aseme ameona nini. Wengi huguna kwa kuogopa vumbi. Wanaokubali ndio wanaorudi na jibu, kwa maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.